Saa ya Fahari

Kijana msomaji, naja mbele yako na mashtaka, nawe nakuketisha katika kiti cha hakimu. Ninayemshtaki si mtu mmoja, ni tabia: tabia ya kuvaa saa ya bei kubwa mkononi ili watu waione, wala si ili mwenyewe aitazame. Tabia hii imejaa mijini, imepanda milima yetu ya Gusii, na imeingia hata katika mabweni ya shule, ambamo mwanafunzi aweza kumdharau mwenziwe kwa saa aliyoivaa, au kwa kukosa saa kabisa. Nakuomba usikate hukumu kabla ya kusikia habari yote, maana katika kesi hii mwenye kushtaki naye ana doa, kama utakavyoona.

Aujuaye mji wa Kisii hakosi kulijua soko la Daraja Mbili. Siku ya soko watu hushuka kutoka kila kilima, wengine wakitoka Nyamira, na mizigo ya ndizi, maparachichi, miwa, viazi vitamu, sukuma wiki na chinsaga. Na nguo za mitumba hurundikwa pale kama vichuguu. Mama auzaye mboga katika soko hili huenda asiwe na saa mkononi, lakini usidhani kwamba hajui wakati. Asubuhi mboga zake ni mbichi na bei ni ya kuridhisha. Jua likipanda majani hulegea, na bei hulegea pamoja nayo. Jioni humuuzia yeyote atakayepita, kwa bei ya kutupa, ili asirudi na mzigo nyumbani. Kwake yeye kila saa ipitayo ina gharama, na gharama hiyo anaweza kukutajia kwa shilingi na senti.

Miaka michache iliyopita baadhi ya akina mama hao waliitwa, pamoja na wazazi wengine na sisi walimu, katika harambee ya kuezeka madarasa ya shule moja ya jirani. Mgeni wa heshima alitazamiwa saa nne asubuhi. Akina mama waliwaachia watoto mafungu yao ya mboga, wakaja, wakaketi. Saa nne ikapita, na saa tano, na saa sita. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote ikarudia ya kwanza. Saa saba na robo magari yakatokea. Mgeni alipanda jukwaani, akatusalimu, kisha akauinua mkono wake wa kushoto mbele ya kipaza sauti. Mkono wa shati ukarudi nyuma, na saa ya rangi ya dhahabu ikametameta juani. Akasema, "Ndugu zangu, sitakaa sana, maana muda wangu ni mfupi." Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, kitambaa cha soko kingali kiunoni mwake, aliuliza bila kugeuza kichwa, "Kwani hiyo saa yake husema nini?"

Hakuna aliyemjibu. Nimelichukua swali lake tangu siku ile, na yote niandikayo hapa ni kujaribu kumjibu.

Kwanza usidhani kwamba nazichukia saa. Nazipenda tangu utoto, nazo ni katika kazi za mikono ya wanadamu ninazozistahi kupita nyingi. Ukipata nafasi ya kuona ndani ya saa ya kamani, yaani ile isiyotumia betri, usiiache. Utaona pipa dogo ambamo ndani yake mna utepe wa chuma uliokunjwa kama mkia wa kinyonga. Hiyo ndiyo kamani. Unapoitia saa ufunguo waikaza kamani hiyo, nayo hutaka kujikunjua yote kwa mara moja, kama ng'ombe watakao kutoka zizini wote pamoja. Hapo pana bawabu: kipande kidogo cha chuma chenye pembe mbili, ambacho huruhusu jino moja la gurudumu kupita, kikafunga, kikaruhusu jingine, kikafunga. Anayempa bawabu huyo amri ni gurudumu jembamba linalopepea huku na huko likirudishwa na uzi wa chuma mwembamba kama unywele. Sauti unayoisikia unapoweka saa sikioni ni sauti ya mlango huo ukifungwa na kufunguliwa. Katika saa nyingi za zamani hulia mara 18,000 kwa saa moja. Katika nyingi za siku hizi mara 28,800, maana yake ni mara 8 kila sekunde, mara 691,200 kila usiku na mchana. Na katika sekunde 86,400 za siku nzima, saa nzuri ya namna hii hukosea sekunde 4 au 5. Nitajie mtu akoseaye mara 5 tu katika mambo elfu themanini na sita!

Elimu hii haikutafutwa kwa ajili ya mapambo. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Waingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly kwa sababu manahodha hawakujua walipo, na mabaharia zaidi ya elfu moja wakafa maji. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa. Kwa hiyo baharia mwenye saa isiyokosea, iliyotegwa kwa wakati wa bandari aliyotoka, aweza kuulinganisha wakati huo na jua lililo juu ya kichwa chake, akajua amekwenda umbali gani mashariki au magharibi. Lakini saa ya kustahimili mawimbi, joto na baridi haikuwako. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayelitatua jambo hili. Aliyetengeneza saa hiyo alikuwa John Harrison, mwana wa seremala, na yeye mwenyewe seremala, asiyekuwa na shahada ya chuo chochote. Alishindana na kazi hiyo kwa miaka mingi. Saa yake ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ilipelekwa Jamaica kwa meli mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu. Kuanzia hapo saa nzuri iliokoa roho za watu. Huo ndio ukoo wa kitu tukivaacho mkononi, na mtu akivaaye hana budi kuujua ukoo wake kabla ya kujivunia bei yake.

Na hata hapa kwetu saa ilibidi ijifunze mila. Fundi wa Geneva aliandika 1 mahali pa saa ya kwanza baada ya adhuhuri. Sisi twatazama hapo hapo tukasema saa saba, kwa kuwa twahesabu tangu kucha na si tangu katikati ya usiku. Mtoto wetu akijifunza saa hujifunza mambo mawili, lile lililoandikwa na lile litamkwalo, na huyatamka bila kusita. Tena jua lenyewe la Kisii halifuati saa ya serikali: wakati wa Afrika Mashariki umepangwa kwa mstari wa nyuzi 45, nasi tu karibu na nyuzi 35, kwa hiyo jua hufika utosini kwetu kiasi cha dakika arobaini baada ya saa sita. Nayasema haya ili ujue kwamba saa si hirizi iliyoshuka na ukweli wake. Ni mapatano ya watu. Saa nne ni saa nne kwa sababu wewe na mimi tumekubaliana tukutane hapo. Avunjaye saa nne amevunja ahadi, hata kama chombo cha mkononi mwake kimetengenezwa kwa dhahabu tupu.

Sasa nifike kwenye shina la kesi. Zamani, saa ya bei kubwa ilikuwa na haki fulani ya kuwa ya bei kubwa, kwa sababu ilisema kweli zaidi kuliko saa rahisi. Haki hiyo iliondoka tarehe 25 Desemba 1969, siku kampuni ya Seiko ilipoleta madukani Tokyo saa ya mkononi iendayo kwa betri na kipande cha jiwe la kwatzi. Jiwe hili likipitishiwa umeme hutikisika kwa kipimo kisichobadilika. Katika saa nyingi za leo hutikisika mara 32,768 kila sekunde. Saa ile ya kwanza iliuzwa yeni 450,000, bei ya motokaa ndogo. Lakini bei ilishuka upesi mpaka saa za namna hiyo zikauzwa kama njugu. Katika Uswisi watu wapatao 90,000 walikuwa wakifanya kazi ya saa karibu na mwaka 1970. Baada ya miaka kama kumi na mitano walibaki kiasi cha theluthi moja. Leo saa ya plastiki kama ile Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo huenda umeiona mkononi mwa mlinzi wa usiku au dereva wa bodaboda, hukosea kwa mwezi mzima si zaidi ya sekunde 30 hivi. Saa ya Rolex ya kamani, inayouzwa zaidi ya shilingi milioni moja, huahidiwa na kiwanda chake kutokosea zaidi ya sekunde 2 kwa siku, yaani yaweza kufika dakika moja kwa mwezi. Hapo bei ya saa na ukweli wa saa viliachana, na havijarudiana tena.

Basi anunuaye saa ya milioni moja hanunui wakati. Ananunua nini? Yamkini ananunua kazi ya mikono, uzuri wa gurudumu lililosuguliwa mpaka likang'aa mahali ambapo hapana jicho litakaloona, na ustadi wa mafundi. Kama ndivyo, sina ugomvi naye. Mchongaji wa Tabaka naye huweza kukaa siku nyingi akilainisha kinyago cha jiwe la sabuni ambacho hakifanyi kazi yoyote ila kupendeza, na hatumwambii kwamba amepoteza wakati. Mpenzi wa kweli wa saa ni mtu wa namna hiyo. Ajua saa yake hutikisika mara ngapi. Ajua ilitiwa mafuta lini, na fundi wake aketi wapi. Ukimwuliza habari zake utachelewa nyumbani, maana atakueleza mpaka uchoke. Lakini yule ninayemshtaki, mwulize kuna nini ndani ya saa yake: atakutajia bei. Mwulize tena: atakutajia bei ile ile kwa dola. Huyo hakununua saa, amenunua namba akaifunga mkononi.

Wenye kumtetea husema, "Fedha ni zake; wivu wako wa nini?" Neno hili lina nguvu, sitalipita. Mtu aliyechuma kwa jasho lake ana ruhusa ya kununua apendacho, hata kama mimi sikipendi. Ila tufanye hesabu pamoja, kwa kuwa wewe u mwanafunzi na hesabu haikuogopeshi. Tuseme mkulima wa chai wa Nyamira apata, malipo yote yakijumlishwa, shilingi 50 kwa kilo moja ya majani mabichi. Saa ya milioni moja ni kilo 20,000. Tuseme mchumaji huchuma kilo 25 kwa siku. Hizo ni siku 800 za kuinama katika umande, bila Jumapili na bila siku ya kuugua. Mimi sisemi kwamba ni dhambi. Nasema kwamba avaaye siku 800 za mwanadamu mkononi mwake, naye akashindwa kuheshimu saa tatu za akina mama wa Daraja Mbili, ameonyesha hadharani kwamba hajui amevaa nini.

Na akiwa mtumishi wa umma, hoja ya "fedha ni zake" yataka ushahidi. Mwezi wa Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, baadhi yao walizitazama picha za viongozi, wakazikuza, wakazitambua saa zilizo mikononi mwao, wakatangaza bei zake kwa watu wote. Tarehe 25 ya mwezi ule waandamanaji waliingia Bungeni na watu waliuawa kwa risasi. Siku ya pili yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Wapo waliowacheka vijana kwa kuhesabu saa za watu. Mimi naona walifanya kazi ambayo kila mwenye kodi angepaswa kuifanya. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 76, yasema kwamba zawadi apewayo afisa wa Dola katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi ya Jamhuri, wala si yake. Kwa hiyo kuuliza saa imetoka wapi si utovu wa adabu; ni swali ambalo sheria yenyewe imelifungulia mlango.

Wengine husema saa ya thamani ni akiba, na hukutajia saa zilizouzwa mnadani kwa fedha nyingi. Ni kweli kwamba mwezi wa Novemba 2019 saa ya Patek Philippe iliuzwa huko Geneva faranga milioni 31 za Uswisi, na fedha hizo zikaenda katika utafiti wa maradhi. Ni kweli pia kwamba mwezi wa Oktoba 2017 saa ya Rolex aliyokuwa akiivaa mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York zaidi ya dola milioni 17. Lakini tazama ile ya pili ilivyopata bei hiyo. Alipewa na mkewe, ambaye alichoresha nyuma yake maneno ya kumsihi aendeshe motokaa kwa uangalifu, kwa kuwa mumewe alipenda mashindano ya magari. Akaivaa miaka mingi, kisha akampa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Zipo nyingine za kampuni ile ile zilizotoka kiwandani sawa na hiyo, nazo hazikufika karibu na bei hiyo. Kilichouzwa pale ni mkono ulioivaa, pamoja na hofu ya mke. Saa nyingi sana za fahari hupungua thamani tangu siku itolewayo dukani, na kila baada ya miaka michache hudai kufunguliwa na kutiwa mafuta kwa gharama ambayo ingemnunulia mtu mwingine saa tatu. Akiba gani hiyo ilayo kila mwaka na haitagi?

Jina nalo lina maajabu yake. Nenda Kampala umwambie muuza chakula wa njiani kwamba wataka Rolex. Atakukunjia mayai ndani ya chapati, nawe utashiba. Sijasikia mtu aliyeshibishwa na ile nyingine.

Na sasa doa langu. Siku ile ya harambee, nilipokuwa nikimlaumu mgeni moyoni, mkononi mwangu palikuwa na saa yenye jina kuu la Uswisi usoni mwake. Nilikuwa nimeinunua kwa shilingi elfu nne, kwa mchuuzi katika mji mmoja mkubwa. Ukiniuliza kama nilidanganywa, sitakuficha: sikudanganywa. Nilijua kwamba saa ya jina lile haiuzwi kwa elfu nne. Nilitaka watu wasijue. Niliitaka heshima ile ile aliyoitaka mgeni, ila mimi niliitaka kwa bei ya chini, na labda ndiyo sababu nilimwona upesi hivyo. Harambee haijaisha, mvua ya alasiri ikashuka, kama ilivyo desturi yake katika milima hii, tukakimbia. Nilipofika nyumbani kioo cha saa yangu kilikuwa kimejaa ukungu ndani, na mishale imesimama saa tisa kasoro dakika kumi.

Nikaipeleka Daraja Mbili kwa fundi mmoja mzee, mwenye meza isiyozidi upana wa kitabu cha mahudhurio na sanduku la kioo lililojaa saa za watu. Akavaa kioo chake cha kukuzia jichoni, akaitazama kidogo, akaiweka chini.

"Mwalimu," akasema, "nikwambie kweli, au nikutengenezee tu?"

"Niambie, mzee."

Akaifungua mgongo. Ndani ya chuma kile kipana mlikuwa na duara la plastiki, na katikati yake kijimashine chenye betri, kidogo kama kifungo cha koti. Vile visaa vitatu vidogo vilivyokuwa usoni, ambavyo niliwaonyesha wenzangu kwa majivuno, vilikuwa vimebandikwa tu. Mishale yake haikuunganishwa na kitu. Hapakuwa na mpira wa kuzuia maji. Kijimashine chenyewe, alinieleza, hakikuwa kibaya, na kama kingalivikwa uso wa jina lake mwenyewe kingalimfaa mtu miaka kadhaa. "Hiki hakijamdhulumu mtu," akasema, "ila wamekifundisha kusema uongo." Hakunicheka. Alinitaka shilingi mia mbili za betri kama nikipenda, na mimi sikupenda.

Usidhani kwamba uongo huu ni wa aibu tu. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, nayo humkamata mwenye kutengeneza na mwenye kuuza. Lakini soko la uongo hulishwa na mnunuzi, na mnunuzi huyo nilikuwa mimi, mwalimu mwenye chaki mkononi. Tena yapo madhara mengine yasiyosemwa. Kila shilingi elfu nne iendayo kwa saa ya kubandika haifiki kwa mtu kama yule mzee. Kazi yake yafa. Vijana hawaji kuisoma, kwa kuwa saa bandia haitengenezwi, hutupwa. Na tajiri mwenye saa ya kweli hampelekei, huipeleka Nairobi au ng'ambo. Mzee yule alinionyesha bisibisi aliyoitumia tangu ujana wake, ambayo ncha yake ni nyembamba kuliko punje ya mtama, akasema hajui atamwachia nani.

Mimi sikwambii uishi bila saa. Nakwambia, ukiipenda, ipende kwa kuijua. Anza na ndogo. Saa ya kamani ya Kijapani iliyokwisha kutumiwa, yenye jina lake la kweli, hupatikana kwa fedha ambazo kijana mwenye kazi aweza kuziweka kidogo kidogo, na ndani yake mna bawabu yule yule na kamani ile ile. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji aifungue. Asiyekubali, mwachie saa yake. Usitishwe na maneno ya "vito 21" yaliyoandikwa usoni: ni yakuti za kiwandani zinazowekwa mahali pa kuzungukia ili chuma kisilike, wala hazina bei ya pete. Itie ufunguo asubuhi, kila siku wakati ule ule, nawe ukihisi kamani inakaza, acha. Usisogeze tarehe kati ya saa tatu za usiku na saa tisa, kwa sababu wakati huo magurudumu ya tarehe yamekwisha shikana na waweza kuvunja meno yake. Iweke mbali na spika za redio, zina sumaku. Maandishi ya mita 30 hayana maana kwamba uogelee nayo. Maana yake ni kwamba matone ya mvua hayataidhuru, na hilo nalo ni kweli tu maadamu mpira wake haujazeeka. Baada ya miaka mitano au zaidi kidogo mpelekee fundi aioshe na kuitia mafuta, hata kama yaenda vizuri, kwa kuwa mafuta yakikauka chuma hulana chenyewe kimya kimya.

Na ukiwa huna saa, usiinamishe kichwa mbele ya mtu. Mama wa Daraja Mbili hakuwa nayo, na katika mkutano ule yeye peke yake ndiye aliyejua ni saa ngapi.

Mzee yule aliniuzia saa yenye uso mweupe uliogeuka rangi ya maziwa, iliyoachwa mezani pake na mtu ambaye hakurudi. Aliningojesha miezi miwili kwanza, mwenyewe asije akatokea. Huchelewa kiasi cha dakika mbili kwa wiki. Jumapili jioni, kabla ya taarifa ya habari, huifungua kifundo chake cha ubavuni, nikaisogeza kwa kidole mpaka ikapatana na redio. Kisha huiweka juu ya meza karibu na madaftari ninayoyasahihisha, na nikitua kuandika naisikia.